Tumerudi Salama Kutoka Ziwani: Picha Zetu Ziende Wapi?

Akina mama wengi wa Songea wanaifahamu safari ya Mbamba Bay. Kikundi kinachanga kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, basi linakodiwa, sufuria na mchele vinapakiwa, na alfajiri tunaondoka Majengo tukiimba. Baada ya mwendo wa karibu kilomita 100 tunafika Mbinga. Tunapita milima ya Wamatengo na mashamba yao ya ngolo, yaliyochimbwa vishimo vishimo kama sega la nyuki, kisha barabara inateremka kwa kona nyingi mpaka Ziwa Nyasa linapotokea mbele yetu. Mchana tunakula mbasa, watoto wanaoga, akina mama wanatembea mchangani bila viatu. Jioni tunarudi tumechoka, lakini mioyo imepumzika.

Safari ya namna hii ni dawa. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunawaona kila siku akina mama wenye maumivu ya kichwa na usingizi mbaya, ambao ugonjwa wao mkubwa ni kutopumzika. Kwa hiyo makala haya hayakuandikwa ili kuzuia safari. Tunataka kuzungumza juu ya jambo linalofuata baada ya basi kutushusha.

Kabla hata vumbi halijaoshwa miguuni, simu zimeanza kulia. Picha zinamiminika kwenye kundi la WhatsApp. Video zinawekwa kwenye stetasi, nyingine zinakwenda Facebook. Kesho yake asubuhi ndugu wa Dar es Salaam, Mbeya na hata Muscat wameshaona tulivyokula, tulivyocheza na tulivyooga. Mara chache sana mtu huuliza: picha hizi ni za nani, na aliyeonekana ndani yake amekubali?

ALBAMU ILIKUWA NA MLANGO

Wale waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 watakumbuka. Kikundi kizima kilikuwa na kamera moja, na mkanda wake ulitoa picha 24 au 36 tu. Mkanda ulipelekwa studio kusafishwa, tukasubiri kwa hamu. Picha iliyomwonyesha mtu vibaya ilibaki kwenye bahasha. Nzuri ziliingia kwenye albamu, na albamu ilikaa sebuleni. Mgeni alipokuja alikaribishwa kiti, akapewa chai, kisha albamu. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeamua nani aione na nani asiione. Kwa maneno mengine, albamu ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mwenyewe.

Simu imeuondoa mlango huo. Akina mama wengi hudhani kwamba stetasi ya WhatsApp haina madhara kwa kuwa hupotea baada ya saa 24. Ni kweli hupotea kwetu. Lakini ndani ya saa hizo yeyote aliyeiona anaweza kuipiga picha kwenye kioo cha simu yake, akaihifadhi na kuituma kwingine. Kundi moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024. Kila mmoja wao ana makundi mengine, ana shemeji, ana vijana wanaoazima simu yake jioni. Picha ikishatoka hatujui inalala wapi.

BINTI ALIYEUMWA TUMBO

Tunaeleza kisa hiki kwa ridhaa ya mama na ya binti mwenyewe, na tumebadilisha mambo madogo ili wasitambulike.

Binti wa miaka 13 aliletwa zahanati na mama yake. Alikuwa na siku ya nne akilalamika tumbo kila asubuhi, na hataki kwenda shule. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Mkojo ulikuwa safi. Homa hakuna. Muuguzi alimwomba mama akae nje kidogo, akabaki na mtoto. Alimuuliza habari za hedhi, za chakula, za shule. Alipotaja shule, mtoto alianza kulia.

Wiki iliyotangulia familia ilikwenda ziwani pamoja na kikundi. Watoto walioga na nguo zao. Binti huyu alipotoka majini gauni lilikuwa limelowa na kumshika mwili, na mwili wake ndio kwanza unaanza kubadilika. Mama mmoja wa kikundi, ambaye huwa anamsuka nywele, alikuwa akichukua video ya watoto wote. Akaiweka kwenye stetasi pamoja na maneno ya utani kwamba mahari zimekaribia. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini mpwa wake aliichukua, akaikata ikabaki sehemu ya binti yule peke yake, akaituma kwa rafiki zake. Siku ya Jumatatu wavulana wa darasa walikuwa wameshaiona kwenye simu za kaka zao. Wakampigia miluzi.

Tumbo halikuwa na ugonjwa. Aliyeumia ni mtoto aliyeona mwili wake umegeuzwa mchezo wa watu, na hakujua amwambie nani, kwa sababu aliyeanzisha ni mtu anayemwita mama mdogo.

Mama yake alikwenda kwa yule mwenzake jioni ileile. Walikaa, wakaongea, na kulikuwa na machozi. Video ilifutwa, mpwa aliitwa na wazazi wake, na mwalimu mkuu alipewa taarifa, naye alizungumza na wavulana wale pamoja na wazazi wao. Wiki iliyofuata binti alirudi darasani. Lakini mama yake anasema mpaka leo mtoto huyo akiona simu imeinuliwa, hugeuza uso.

Akina mama wenzetu, hili linatuhusu sote. Mtoto wa miaka mitatu anayeoga uchi ufukweni tunamwona malaika. Mtu mwingine asiyemjua hamwoni hivyo. Tena mtoto yule atakuwa kijana, ataposwa, ataomba kazi, na picha inaweza kuwa bado iko mahali fulani. Tukumbuke pia kwamba mtoto hana uwezo wa kutukatalia.

WAGONJWA TULIOWATEMBELEA

Vikundi vyetu vina desturi nzuri. Tukisafiri, hatuendi kula na kuimba tu. Tunapitia hospitali au zahanati ya huko tukiwa na sabuni, sukari, kanga na pempasi za watoto wachanga. Hapo pia simu huinuliwa. Mgonjwa yuko kitandani, mama amemshika mkono, mwingine ameinua mche wa sabuni ili uonekane vizuri.

Wengine husema, "Lakini tulimwomba ruhusa, akakubali." Tufikiri vizuri. Mtu amelala, hana nguvu, amezungukwa na wageni 20 waliomletea zawadi. Atasemaje hapana? Ruhusa inayoombwa huku mkono mmoja umeshika sabuni si ruhusa kamili. Muuguzi hufundishwa tangu mwaka wa kwanza wa masomo kwamba siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Siri hiyo haibadiliki kuwa mali yetu kwa sababu tumempelekea kilo ya sukari.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaioni: watu walio nyuma ya picha. Sisi tunatazama nyuso zetu, lakini nyuma yetu kuna benchi, na juu ya mlango kuna kibao. Kibao kikisomeka kwamba hapo ni kliniki ya kifua kikuu, au ni kituo cha tiba na matunzo wanakochukulia dawa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, basi picha yetu ya furaha imetangaza habari za dada aliyekaa kwenye benchi lile. Inawezekana alitoka kijiji cha mbali kuja kuchukua dawa pale ili asionekane na majirani. Inawezekana mumewe bado hajaambiwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka taarifa za watu hawa zitunzwe kwa siri. Hata kama isingekuwepo sheria, mwanamke anayejua uzito wa ndoa na maneno ya mtaani anaelewa kitakachompata.

Kama kikundi kinahitaji kumbukumbu kwa ajili ya taarifa ya mwaka, zipigwe picha za vitu tulivyopeleka kabla ya kuingia wodini, au picha yetu tukiwa nje na mganga mfawidhi, nyuma yetu pakiwa na ukuta mtupu.

NDANI YA NYUMBA ZETU

Picha za safari zinaweza pia kugusa amani ya nyumbani. Mume aliyebaki na watoto, akala viporo siku mbili, anajisikiaje anapoambiwa na wenzake kazini kwamba wamemwona mkewe akicheza muziki ufukweni kabla yeye mwenyewe hajasimuliwa safari? Si kwamba mke amekosea kucheza. Ni kwamba habari za nyumba yake zimemfikia kupitia mlango wa jirani. Mama mwenye busara huanza na nyumba yake. Anakaa na mumewe na watoto, anafungua simu, anawaonyesha, wanacheka pamoja. Hapo anamuuliza mumewe, "Hizi nazo tuwatumie ndugu?" Jambo dogo kama hilo linajenga heshima. Nao akina baba wafanye hivyohivyo kwa picha za wake zao na watoto wao.

Liko pia suala la usalama. Picha inayotumwa tukiwa bado Mbamba Bay inamwambia kila anayeiona kwamba nyumba yetu ya Majengo leo haina mtu. Siku za zamani tulimwachia jirani ufunguo tukamwomba asitangaze. Siku hizi tunatangaza wenyewe. Ni heri kusubiri mpaka tumerudi, tumefungua mlango na kuona kila kitu kipo.

Vilevile tuangalie wakati. Mwenzetu amefiwa wiki hiyohiyo. Mwingine alishindwa kusafiri kwa sababu mchango wake haukutimia. Mwingine anamdai mama fulani fedha za mchezo, na sasa anamwona anakula samaki mzima kando ya ziwa. Hatusemi watu waache kufurahi kwa kuogopa maneno. Tunasema kwamba furaha inayopigiwa ngoma mlangoni kwa mfiwa huacha kidonda.

WENYEJI WETU NAO NI WATU

Tukifika ufukweni tunawakuta akina mama wakianika dagaa, wavuvi wakivuta nyavu, watoto wakicheza. Tunawapiga picha kana kwamba ni sehemu ya mandhari, kama mitumbwi na miamba. Tujiulize: sisi tungejisikiaje kama basi la wageni lingesimama Majengo, wakashuka na kutupiga picha tukiwa tunafua uani, kisha wakaondoka bila salamu?

Salamu ndiyo ruhusa ya kwanza. Tumwamkie mama anayeanika dagaa, tumuulize habari za kazi, tununue kidogo, ndipo tuombe picha. Akikataa, tumshukuru. Akikubali, tuchukue namba yake tumtumie picha yake. Wengi hupigwa picha na wageni miaka nenda rudi na hawajawahi kuona hata moja.

SHERIA INASEMAJE

Wako watakaosema haya ni mambo ya adabu tu. La, yamo pia katika sheria za nchi. Katiba yetu, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na ya familia yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto anayestahili kulindwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto na kuutumia mtandao kumnyanyasa mtu. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo imeziweka taarifa za watoto na taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na ipo Tume ya kuisimamia, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wameliona jambo hili. Februari 2024 Ufaransa ilitunga sheria inayowakumbusha wazazi kwamba wote wawili wana wajibu wa kulinda picha za mtoto wao, na hakimu anaweza kumzuia mzazi mmoja kuzitangaza bila mwenzake kukubali.

Sheria hizi hazikutungwa ili mama apelekwe mahakamani kwa sababu ya picha ya basi. Lakini zinatuonyesha kwamba tunachokishika mkononi kina uzito, na kwamba mtoto na mgonjwa wana haki yao hata pale wasipoweza kuidai.

PICHA NJEMA ZIPO

Tusije tukaogopa mpaka tukazima simu zote. Picha njema ina kazi nzuri. Bibi ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda basi analiona ziwa akiwa kitandani. Kijana wetu anayefanya kazi Uarabuni anakumbuka nyumbani. Watalii nao huvutwa na picha. Ndiyo maana mwaka 2022 ilizinduliwa filamu ya Royal Tour, ambamo Rais mwenyewe aliionyesha dunia vivutio vya nchi yetu. Kusini mwetu hakujatangazwa vya kutosha, na sisi tunaweza kusaidia.

Tena tuna mengi ya kuonyesha kuliko nyuso zetu. Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700, na lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Wengi wao ni wale wadogo wa rangirangi wanaofugwa kwenye matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Tukifika Liuli tunaliona jiwe kubwa ambalo Wajerumani walilifananisha na sanamu ya Misri, wakaiita bandari ile Sphinxhafen. Hapo ndipo Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Picha ya jiwe hilo yenye maelezo ya mistari mitatu itawafundisha watoto wetu zaidi ya picha 40 za sisi wenyewe tumesimama mstari mmoja.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza vikundi vyetu vikubaliane mambo haya kwenye kikao cha maandalizi, pamoja na mambo ya nauli na chakula:

1. Wachaguliwe akina mama wawili wa kukusanya picha. Wengine wote wawatumie hao, si kundi zima. Wawili hao wachague zilizo nzuri, ndipo zipelekwe kwa wengine.

2. Watoto wakiingia majini, simu zikae kwenye mikoba. Itakuwa pia nafasi ya kuwaangalia wasizame, kwani anayetazama kioo hamwoni mtoto anayezidiwa na maji.

3. Wodini na kliniki hakuna picha. Kiongozi alitangaze hili ndani ya basi kabla ya kushuka.

4. Kabla ya kutuma picha ya mtu, aulizwe. Mtoto anayeweza kusema naye aulizwe, na jibu lake liheshimiwe.

5. Tukague sehemu ya nyuma ya picha: vibao, sare za shule zenye jina, namba za magari, watu wasiohusika.

6. Stetasi ina sehemu ya kuchagua watakaoiona. Asiyejua kuitumia amwombe binti yake amwonyeshe. Ni kazi ya dakika mbili.

7. Tusubiri tufike nyumbani kwanza.

Na je, kama picha mbaya imeshatoka? Tusigombane kwenye kundi, maana kelele huwafanya hata wasioiona waitafute. Aliyeituma apigiwe simu na aombwe aifute kwa wote. WhatsApp inaruhusu kufanya hivyo kwa muda wa siku mbili hivi tangu ilipotumwa. Walioipokea nao waombwe mmoja mmoja. Kama ni mtoto, akae na mtu anayemwamini, aambiwe waziwazi kwamba yeye hana kosa, na shule ipewe taarifa mapema. Ikiwa mtu anamtisha kwa picha hiyo, au anaendelea kuisambaza, ziko ofisi za Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na iko namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hailipiwi. Mama asisubiri mpaka mtoto aanze kuumwa tumbo.

Msimu wa safari za vikundi unapokaribia, fedha za basi zitakusanywa na mchele utapimwa. Tunaomba katika kikao hicho mwenyekiti atenge robo saa kwa ajili ya jambo hili. Mabinti walioanza kupevuka nao waitwe wasikilize, kisha waulizwe wao wanapenda picha zipi zipigwe na zipi zisipigwe. Tukiwasikiliza, tutashangaa jinsi walivyokwisha kulifikiria siku nyingi kabla yetu.